Mkono Usio na Kazi

Mwezi uliopita nilikwenda stesheni ya Tabora kumpokea mgeni wangu, nikarudi nyumbani na mgeni wa watu wengine. Sitasingizia kwamba treni ilijaa wala kwamba macho yangu yamechoka, ingawa yote mawili ni kweli. Nilimwona mwanamke mtu mzima akishuka behewani, anautupa mkono wa kushoto mbele kama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, nikajiambia huyo ndiye, huyo ndiye Daktari Mwanahawa, kwa sababu sura ya mtu huchakaa lakini mwendo hauazimwi popote. Nikalichukua begi lake kabla hajalitua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila wasiwasi, nikampandisha bajaji, na toka stesheni hadi kwangu Kanyenye nikamsimulia kila alichokikosa: nani amekufa, nani amejenga, nani amehamia Gongoni akasahau kwamba sisi bado tunapumua. Alikuwa msikilizaji mzuri sana. Nyumbani nikampa chai akanywa, nikampa matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akayasifu, akataka mengine, na alipokwisha kufuta midomo ndipo akaniuliza chumba chake ni kipi na kama nitamgongea mlango mapema awahi basi la Nzega. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Alidhani nimetumwa na gesti. "Gesti yenu ina vijana wakarimu," alisema, na mimi hapa nina mvi mpaka kwenye nyusi.

Niliporudi stesheni, Daktari mwenyewe alikuwa amekalia sanduku lake anamenya karanga, maganda ameyakusanya vizuri kwenye kitambaa. Hakukasirika. Watu wa pwani hawakasiriki mapema, huweka akiba. "Nimepita mbele yako, Kalisti," akasema. "Ukanitazama miguu, ukaona haikuhusu, ukageuza shingo." Nilitazama tena miguu hiyo ikiwa inaelekea kwenye bajaji, nikaona anachechemea upande wa kulia na ule mkono wa kushoto uliokuwa ukirushwa sasa umeshika fimbo. Mimi, ambaye kila nikipata msikilizaji hujigamba kwamba nimefundishwa kutazama mwendo na bingwa, nikaanza kumkagua bega, kidevu, vidole. Akaniona. "Ni goti," akasema. "Goti tu, la uzee. Usinitafutie ugonjwa wa maana." Njia nzima alicheka habari ya mama wa vitenge, na alipoingia sebuleni akakuta kikombe chenye alama ya midomo ya mgeni wake wa badala, akakisogeza pembeni kwa kidole akasema angalau huyo aliyenywa mikono yake ilikuwa imetulia, maana hakumwaga hata tone kwenye kisahani. Ndivyo alivyokuwa hata mwaka ule alipokaa kwetu. Watu wengine huingia chumbani wakaona fanicha.

Habari za ukoo wangu sitazieleza, hazijawahi kumfaa mtu, wala ukoo wenyewe. Itoshe kusema kwamba babu zetu walibeba pembe mpaka pwani wakarudi na vitambaa, wakajulikana kila kambi kwa miguu yao, na mimi niliyetokana nao mzigo wa mbali kuliko yote niliowahi kubeba ni kiti, kutoka sebuleni hadi barazani, na jua likigeuka nakirudisha. Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamefika yakiwa yamechoka kuliko mimi, na nilikuwa nyumbani nasubiri nafasi. Ukweli ni kwamba bado naisubiri. Mama yangu akakipangisha chumba cha mbele kwa daktari kijana aliyeletwa hospitalini kutoka Dar es Salaam, Mzaramo, mwembamba kama mwiko, mwenye sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Chumba chake nakikumbuka kuliko changu. Kulikuwa na kitanda cha kamba, mkeka wa rangi, jiko la mafuta ya taa, na juu ya meza nyundo ndogo ya mpira ambayo mama aliamini ni ya kulainishia nyama na akasikitika kwamba Wazaramo wanakula nyama laini kiasi hicho. Kulikuwa na kitabu chenye picha ya ubongo uliokatwa katikati kama tikiti. Mama alipoingia kufagia alikifunika kwa kanga, na Daktari aliporudi alikifunua, na hilo liliendelea mwaka mzima bila yeyote kulitamka.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo mama hakuhitaji muda wa kumzoea mpangaji wake. Jioni ya kwanza tu alimwekea ugali wa muhogo na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, akamwambia, "Kula, mtani. Nazi huku hakuna, na ngoma ya kukufanya uache kazi katikati ya wiki pia hakuna." Daktari akamega tonge, akalitazama, akasema ameambiwa Wanyamwezi ni hodari wa kubeba mizigo lakini hakujua kama hata chakula chao kinabebwa kichwani kwa uzito. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo mlo haukuliwa bila matusi, na mtu asiyejua utani ni nini angepita nje angedhani tunafukuzana. Nalitaja hili mapema kwa sababu mwaka ule ulikuja kugeuka juu ya utani, wala si juu ya vitabu vya mle ndani.

Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya ua wa minyaa, aliishi fundi cherehani aitwaye Gervas. Alishonea barazani kwake na mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yake. Miaka michache kabla, mshono wake ulikuwa umenyooka kama reli. Mwaka ule suruali aliyonishonea ilikuwa na mshono uliotembea kama mlevi kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino, na watu wakasema hivyo hivyo kuhusu fundi: amelewa. Hakika ukimwona akitoka dukani ungesema hivyo. Alipiga hatua, akasita, akainua bega kama anayekataa kitu, goti likaruka, kisha akaendelea kama hakuna lililotokea. Watoto walimfuata nyuma wakimwigiza. Mke wake, Mama Sesilia, aliapa kanisani na nje ya kanisa kwamba mumewe haonji pombe, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu mke wa mlevi ndivyo husema.

Daktari alimtazama Gervas kupitia ua kwa siku kadhaa kabla hajasema neno. Alikuwa na desturi ya kunywa chai uani asubuhi, na mimi nikiwa sina kazi nilikunywa naye. "Unaona nini?" akaniuliza. Nikasema namwona mlevi. "Umetazama uso. Kila mtu hutazama uso. Tazama mkono usio na kazi." Gervas alikuwa amekaa kwenye cherehani. Mkono wa kulia umeshika kitambaa, na wa kushoto upo pajani, haufanyi lolote. Au ungekuwa haufanyi lolote. Vidole vyake vilikuwa vinapiga kinanda kisichokuwepo, kimoja baada ya kingine, kisha kiganja kikageuka juu, kikarudi, na mwenye mkono hana habari. "Mlevi hulegea," Daktari akasema. "Huyu hajalegea. Huyu anachezeshwa." Sijui kwa nini neno lile liliniingia. Nimesahau kanuni zote za hesabu nilizokaririshwa shuleni kwa fimbo, lakini mkono usio na kazi sijausahau, na madhara yake mtayaona.

Akaanza kumtibu, kama kutibu ndilo neno. Alikuwa akienda kwake jioni, mimi nikifuata kama mkalimani, ingawa Gervas alikijua Kiswahili kuliko sisi wote wawili na kazi yangu ikawa kubeba kigoda. Alimwambia, "Fundi, nitolee ulimi, ukae nao hapo nje." Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka tena, kama mjusi anayechungulia. Alimpa vidole vyake viwili akamwambia avishike bila kuachia, na mkono wa Gervas ukabana, ukalegea, ukabana, ukalegea. "Daktari, anakukamua," akasema Sesilia, binti yao, aliyekuwa msichana mkubwa mwenye mdomo tangu wakati huo, na baba yake ndiye aliyecheka kwanza. Walikuwa watu wa kucheka nyumba ile. Mama Sesilia alileta michembe, vipande vya viazi vilivyoanikwa, kwenye bakuli la bati, na Gervas alikula akiwa ameegemeza kiwiko ukutani ili mkono ufike mdomoni bila kupotea njia. Daktari hakuandika kitu mbele yao. Alitazama tu, na akirudi chumbani kwake nilimsikia kupitia ukuta akitembea, anasita, anaanza tena. Mama akaniuliza mpangaji anafanya nini mle ndani. Nikasema anajifunza. "Kutembea?" mama akauliza.

Baadaye alinieleza alichokuwa anakifikiri, kwa maneno ambayo hata mimi niliyapata. Yako magonjwa ya mwili kwenda wenyewe bila ruhusa, na mengine kati ya hayo hayaambukizwi na mtu wala hayatumwi na mtu. Yanakaa ndani ya damu ya ukoo, mzazi humpa mtoto kama anavyompa pua, ila si kila mtoto anapewa. Kila mmoja ana nusu ya bahati. Na huwa hayaonekani ujanani, husubiri mtu ajenge kwanza, aoe, azae. "Lakini siwezi kusema ni huo mpaka nijue wazazi wake walitembeaje," akasema. Gervas mwenyewe hakujua. Baba yake aliondoka mapema, na mama yake alikufa Kaliua wakati Gervas yuko mbali anajifunza ushonaji, kabla hajaoa. Aliyemuuguza ni dada yake, Magdalena, na Magdalena yuko huko huko Kaliua.

Hapo ndipo mambo yalipoacha kuwa ya kitabuni, maana Magdalena alikuwa ameshaugundua ugonjwa wa kaka yake, na jina lake ni Mama Sesilia. Alikuja kutoka Kaliua kumwona mgonjwa, akakaa siku chache, na mimi niliyekuwa upande wa pili wa minyaa nimelala kwenye mkeka nasubiri nafasi nilisikia yote. "Kaka yangu alikuwa mzima. Ameoa mwanamke kutoka Igunga, tazama sasa. Macho yenyewe mekundu." Macho ya Mama Sesilia yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya mama yangu, kama ya kila mwanamke aliyepika mtaani, lakini huku kwetu macho mekundu ya mwanamke ni kesi ya uchawi, na hana wa kumtetea. Nikamsikia Magdalena akiwaambia wanaume wa ukoo, "Akifa Gervas, siku ya kuondoa matanga huyu atoke. Asipotoka kwa miguu, vijana wanajua la kufanya." Hakuna aliyebisha. Mama Sesilia alikuwa jikoni, mwendo wa kutupa kokoto, akisonga ugali wa kuwalisha hao hao. Mwiko haukusimama.

Kwa sababu ya maneno hayo nilifanya safari kubwa ya maisha yangu: nilikwenda Kaliua. Wacheke wanaotaka. Daktari alitaka kumuuliza Magdalena mwenyewe na akataka mtu wa Kinyamwezi, nami sikupata udhuru kwa haraka. Tulimkuta uani kwake karibu na njia panda ya reli ya Mpanda, anaanika mihogo. Alitukaribisha vizuri mno, akatupa asali na uji wa mtama. Daktari akamuuliza marehemu mama yao alikuwa anaumwa nini. "Uzee," akasema Magdalena. Alikuwa akitembeaje? "Kwa miguu." Alikuwa akidondosha vitu? "Mama yangu hakudondosha kitu." Mikono yake je, ilikuwa inatulia? Hapo Magdalena akaacha mihogo akamtazama Daktari kwa utulivu sana. "Mtani," akasema, "mimi nina mabinti wanne, na wawili wana wachumba. Mama yangu alikufa kwa uzee. Kunywa uji." Tukaunywa. Njia nzima ya kurudi Daktari alitazama dirishani. "Anajua," akasema tulipokaribia Tabora. "Lakini siwezi kumpima marehemu." Mimi nilikuwa nawaza kitanda changu.

Gervas alikufa mvua zilipoanza. Kichomi kilimshika, chakula kilikuwa kimeshazoea kumpalia na kupotelea kifuani, na mwishowe hata hospitali ilikosa la kufanya. Ukoo ukajaa uani kwake, Magdalena akiwa katikati ya wanawake, Mama Sesilia pembeni peke yake na kaniki yake, hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa mama yangu, ambaye alikaa kwa sababu, alivyosema, miguu ilikuwa inamuuma. Padre alikuwa ameshamaliza sala ya asubuhi na watu walikuwa wanasubiri sanduku kutoka kwa seremala. Ni saa ambayo watani hufanya kazi yao. Kwetu mtani huvaa nguo za marehemu, akaiga alivyotembea, alivyosema, alivyokoroma kanisani, mpaka wafiwa wacheke kwa nguvu, kwa sababu msiba usiochekwa hukaa vibaya tumboni. Mtani wetu wa mtaa, Mzaramo mzee wa reli, alikuwa amesafiri. Ndipo babu mmoja wa ukoo akanyoosha fimbo: "Mtani si yule pale?"

Daktari akakataa. Akasema yeye alikuwa mganga wa marehemu, haifai. Babu akasema mganga ameshindwa, tunamtaka mtani. Watu wakacheka, na baada ya hapo hakuna njia ya kukataa. Wakamvika koti la Gervas, wakamtundika futi ya kushonea shingoni. Alisimama kidogo katikati ya ua akiwa ameinamisha kichwa, msichana mwembamba ndani ya koti la mwanamume. Kisha akatembea.

Nimeona watani wengi. Huongeza chumvi, hutia tumbo, huanguka chini. Daktari hakuongeza kitu. Alipiga hatua, akasita, bega likainuka kama linalokataa kitu, goti likaruka, akaendelea. Ua wote ukalipuka kwa kicheko, kwa sababu alikuwa Gervas, alikuwa Gervas kabisa, na kina mama wakajifuta machozi ya aina zote mbili. "Fundi, suruali yangu lini?" mtu akapiga kelele. Akakaa kwenye kigoda, akavuta cherehani ya hewa. Mkono wa kulia ukashika kitambaa. Wa kushoto akauweka pajani, hauna kazi, na vidole vikaanza. Kimoja baada ya kingine. Kiganja kikageuka juu, kikarudi. Akainua nyusi zote mbili kama aliyeshangazwa na habari njema, ulimi ukachungulia ukarudi. Kicheko kilikuwa kinapungua, si kwa sababu haichekeshi, ila kwa sababu ilikuwa kweli mno, na hapo Magdalena akasimama.

"Mayo!" akalia. Mama. "Acha! Mzaramo, nani amekuonyesha mama yangu? Huyo si Gervas, huyo ni mama! Ndivyo alivyokuwa akikaa, ndivyo, mkono huo huo! Acha, unamcheza mama yangu!"

Daktari akaacha. Ninadhani wengi hawakuwa wameelewa bado, hata Magdalena mwenyewe alikuwa bado analia kwa uchungu wa kumwona mama yake baada ya miaka yote ile. Ni mama yangu aliyeelewa. Akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia bei ya nyanya, "Kwa hiyo huyu Mama Sesilia alimroga na mkwe, kabla hajaolewa, kutoka Igunga, bila kumjua?" Babu mwenye fimbo akamgeukia Magdalena. "Mwanangu, umesema mama yako alikuwa hivi?" Magdalena akajifunika kanga usoni. Hilo lilikuwa jibu, na kila mtu alilipokea. Wanawake wawili wakainuka taratibu wakahamia upande wa Mama Sesilia, wakaketi, mmoja akamshika bega. Hakuna aliyeomba radhi, huku kwetu radhi huombwa kwa kukaa karibu. Siku ya matanga haikutajwa habari ya mtu kutoka. Aliishi nyumba ile mpaka uzee wake ulionyooka, na nilibeba jeneza lake mwenyewe, mwendo mfupi, namshukuru kwa hilo.

Lakini kuna jambo nililoliona siku ile na nadhani Daktari naye aliliona, kwa sababu tulikuwa wawili tu tuliojifunza kutazama pembeni. Macho ya watu yalipomwacha Mama Sesilia hayakwenda hewani. Yalimtafuta wa damu. Sesilia alikuwa mlangoni mwa jiko ameshika sufuria ya uji kwa matambara, na ua mzima ukamgeukia yeye, si kwa ubaya, kwa huruma ile inayochoma kuliko ubaya. Akatua sufuria. Akaitazama mikono yake, ule wa kushoto kwanza. Kisha akachukua ungo uliokuwa juu ya pipa, akakaa kizingitini, akaanza kuchambua mchele ambao hakuna aliyemwomba auchambue.

Daktari aliondoka kwetu mwaka ulipoisha, akaenda kusoma ng'ambo. Alimwambia mama kwamba alikuja Tabora akiwa anataka kuwa daktari wa watoto, na sasa anataka kujua alicheza nini siku ile kwenye koti la fundi. Akalijua. Akawa bingwa wa mishipa ya fahamu, wa magonjwa ya mwili unaokwenda wenyewe, na baadaye wa kuyafuata ndani ya damu, ukoo kwa ukoo. Alifundisha, alizeeka akifundisha, na wanafunzi wake wametapakaa. Alinipigia simu mara moja moja kuniuliza habari za mtaa, na mimi nikawa nampelekea watu wanaotetemeka, wanaokakamaa, na mmoja ambaye alikuwa amelewa kweli. Alipokuja mwezi uliopita nilimuuliza jambo nililokaa nalo: siku ile alikusudia? Alimwiga Gervas, au alimtega Magdalena? Alizungusha kikombe. "Nilifanya nilichokiona," akasema. "Nilikuwa nafanya kila siku chumbani kwangu, ili nielewe. Sikujua marehemu mama yao atakuja." Akakitua kikombe. "Nilijua kwamba akija, Mama Sesilia atapona. Watoto sikuwafikiria. Nilikuwa kijana."

Ndiyo maana alikuja, goti na yote. Sasa damu kidogo tu inatosha, alisema, inapelekwa, jibu linarudi: unao, au huna. Magdalena alikwisha kufa, na mabinti zake waliolewa wote bila kuulizwa. Sesilia hakuolewa. Wachumba wawili walikuja, wakakaa, mtu akawasimulia kuhusu koti la fundi, wakakumbuka wana shughuli kwao. Alirithi cherehani ya baba yake na ile nyumba, na kwa hiyo amekuwa jirani yangu maisha yote, kwa upande wa minyaa ambao mimi hunywea chai. Mimi pia sikuoa, ila kwangu hakukuwa na msiba wowote: kuoa kuna safari nyingi. Daktari alitaka amwambie mwenyewe, uso kwa uso, kwamba sasa kujua kunawezekana, na kwamba uamuzi ni wake peke yake.

Nilimwita kupitia ua, akaja na ungo wake wa mchele, kama anavyokwenda kila mahali na kazi ya mkononi. Sijawahi kuuona mkono wa Sesilia usio na kazi. Huu ndio ukweli wa mtu niliyefundishwa na bingwa. Kila asubuhi miaka yote hii nimechungulia, naona anashona, anachambua, anamenya, anafua, anasuka ukili, na mkono wenye kazi haukuambii kitu. Aliamkia, akakaa, akamwambia Daktari kwamba pwani imemnenepesha. Daktari akasema kunenepa kungekuwa mzigo, nyinyi Wanyamwezi mngeshaubeba kichwani. Wakacheka. Kisha Daktari akamweleza yote, polepole, bila kumsukuma, na Sesilia akasikiliza huku vidole vikitoa mawe mchelini, jiwe moja, kisha jingine.

Alipomaliza, Sesilia aliuweka ungo chini. Akafuta vumbi la mchele, akaiweka mikono yote miwili pajani, viganja chini, akaiacha hapo. Haikuwa na kazi yoyote. Mimi nilitazama birika. Daktari, ninavyojua, alitazama uso.

"Nimekusikia, Daktari, na asante kwa kuja na goti lako," akasema Sesilia. "Damu yangu iache humu humu, tumeshazoeana. Kama ni kupimwa, mimi napimwa kila asubuhi na huyu Kalisti, anaegemea minyaa anaikodolea macho mikono yangu kama anayesubiri embe lianguke. Mwanamume mwenye akili, akitazama mikono ya mwanamke miaka yote hiyo, angekuwa ameshaleta posa."